CD Sitini na Tatu kwa Siku Mbili

"Ami, zote zimeingia."

Kijana alisimama mlangoni pangu na flashi ndogo nyeusi mkononi. Zilikuwa zimebaki siku nne kufikia arobaini ya mjomba wake. Nikamuuliza, "Zote?" Akajibu, "Zote sitini na tatu, ami, kwa siku mbili tu." Nikampongeza kwa moyo mkunjufu. Nikaichomeka flashi kwenye kompyuta yangu, nikafungua nyimbo sita au saba, nikasikiliza sekunde kumi za mwanzo za kila mmoja, nikaridhika. Jioni ile nikapita nyumbani kwa marehemu, nikamwambia mjane wake kwamba kazi imekwisha, na zile CD zenyewe afanye nazo apendavyo.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika. Familia imeniruhusu kusimulia kisa hiki bila kutaja majina, nami nakisimulia kwa sababu najua nyumba nyingi za kwetu zina kopo, droo au mfuko wenye CD za namna ile: harusi ya mwaka 2004, mawaidha ya sheikh aliyekwishafariki, kwaya ya usharika, sauti ya babu akihojiwa na mjukuu. Watu wanazihamishia kwenye kompyuta sasa hivi, nao wanafanya haraka kama tulivyofanya sisi.

Marehemu alikuwa mpiga fidla wa taarabu mjini Tanga, mji uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star. Yeye hakuwa mtu wa jina kubwa. Alipiga harusini na katika vikundi vidogo, na riziki yake ilitoka katika useremala. Lakini kuanzia mwaka 2001 hadi 2008 alikuwa na desturi ya kurekodi mazoezi yaliyofanyika barazani kwake, mwanzoni kwa kanda, baadaye kwa kifaa alicholetewa na mkwewe kutoka Muscat. Kila alipopata saa moja ya sauti alikwenda dukani akachomewa CD. Nyingine aliziandika kwa kalamu ya wino, nyingine alizibandika karatasi ya duara yenye jina la wimbo na tarehe. Namba alizitia mwenyewe, 1 hadi 63.

Ndani ya CD hizo hamkuwa na nyimbo peke yake. Mzee alikuwa na tabia ya kuwasimamisha wenzake katikati: "Hapana, hapo tunakimbia, turudi." Alieleza wimbo fulani aliupata wapi, nani aliufundisha, na kwa nini mapigo ya pale yanasita. Wengine tulikuwa tukiusubiri muziki. Mkewe alikuwa akiyasubiri maneno.

Familia iliamua siku ya arobaini kila mtoto na kila ndugu wa marehemu apewe flashi yenye kazi zake zote. Wazo lilikuwa jema mno. Flashi zilizonunuliwa zilikuwa za GB 4, kwa kuwa ndizo zilizopatikana kwa bei ya kuweza kununua nyingi. Saa moja ya CD ya sauti, ikihamishwa bila kupunguzwa, hula karibu MB 635. Sitini na tatu za namna hiyo ni kama GB 40. Kwa hiyo kijana akachagua MP3 ya kiwango cha 128, ambayo huibana saa moja hadi karibu MB 58, na zote zikaenea. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Tulichokosea, yeye na mimi niliyemshauri, ni kuifanya nakala ya kugawa ndiyo iwe pia nakala ya kuhifadhi. Hatukutengeneza nyingine. Ile ya flashi ndiyo nakala pekee tuliyokuwa nayo.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuwa kasi.

Kulielewa, inabidi tujue jambo moja kuhusu CD ya sauti ambalo mimi sikulijua, ingawa nilikuwa nimezitumia miaka kumi na mitano. CD ya mafaili na CD ya nyimbo zinafanana kwa macho, lakini ndani hazina ulinzi ule ule. Zote mbili hugawa yaliyomo katika vipande vya baiti 2,352. Katika CD ya mafaili, baiti 2,048 tu ndizo za faili lenyewe. Zilizobaki ni za kazi nyingine, na kati yake 280 zipo kwa ajili ya kugundua na kurekebisha makosa. Ikishindikana kabisa, kompyuta husimama na kukuambia: faili hili halisomeki. Katika CD ya sauti baiti zote 2,352 ni sauti, na kila sekunde moja hubeba vipande 75. Ule ulinzi wa ziada haupo.

Upo ulinzi wa chini yake, ambao Sony na Philips waliuweka walipokubaliana juu ya muundo huu mwaka 1980. Ni wa akili sana. Sauti hutawanywa kwenye CD, kiasi kwamba mkwaruzo wa karibu milimita 2.5 unaweza kurekebishwa kikamilifu bila kupoteza chochote. Zaidi ya hapo, kifaa hukisia. Kama sehemu moja ya sauti haikusomeka, hutazama iliyotangulia na inayofuata, kikatia kitu cha katikati. Pengo likiwa kubwa mno hata kukisia hakuwezekani, hunyamazisha sauti kwa muda mfupi, kisha huendelea.

Kwa mtu aliyekaa sebuleni mwaka 1982 akisikiliza deki yake, huo ulikuwa uamuzi mzuri. Afadhali wimbo uendelee kuliko kukatika. Lakini anayenakili kwa ajili ya watoto na wajukuu ana shida nyingine. Draivu nyingi za kompyuta hukisia vilevile wakati wa kunakili, kisha huikabidhi programu yale makisio kana kwamba yalikuwamo. Programu hupokea, huandika faili, huweka alama ya kijani. Hakuna aliyesema uongo waziwazi, lakini hakuna aliyesema kweli. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kwa CD ya sauti kilio hicho kinaweza kuja baada ya miaka, wakati mgonjwa hayupo tena.

Sasa ongeza kasi. Kusikiliza CD kwa mwendo wa kawaida huizungusha kati ya mara 200 na 500 kwa dakika. Draivu iliyoandikwa 52 usoni, yaani mara 52 ya kasi ya kusikiliza, inaweza kuizungusha kama mara 10,000 kwa dakika. Tena hiyo 52 hufikiwa ukingoni tu, kwa sababu draivu hizi huizungusha CD kwa mwendo mmoja, na ukingoni duara ni pana. Karibu na kitovu kasi ya kusoma huwa chini ya nusu yake. Na CD husomwa kuanzia ndani kwenda nje. Kwa hiyo wimbo wa kwanza husomwa kwa upole kiasi, ule wa mwisho kwa pupa. Na ukingo ndio unaoshikwa na vidole, ndio unaogonga ukuta wa kasha, ndio unaotikisika zaidi. Pale palipo dhaifu kuliko pote ndipo draivu inapokwenda mbio kuliko pote.

Nami nilipima kazi ya kijana kwa sekunde kumi za mwanzo.

Dalili zilikuwapo, ndugu msomaji. Nimekaa na kijana mara nyingi baadaye, tukazipitia moja baada ya nyingine, si kwa kumlaumu, maana nami ningezipita vilevile.

Ya kwanza ilikuwa mlio. Kwa CD iliyo nzima, draivu hupanda mwendo taratibu na kubaki kwenye mvumo mmoja. Usiku wa kwanza, anasema, draivu ilianza kupanda, ikashuka ghafla, ikapanda, ikashuka, kama gari linalotafuta gia mlimani. Ule ni mlio wa draivu iliyoshindwa kusoma na inarudi kujaribu tena kwa kasi ndogo. Alidhani ni uchovu wa kompyuta. Akaiwashia feni.

Ya pili ilikuwa mtetemo. Zile CD zilizobandikwa karatasi zilikuwa zimeanza kuachia gundi upande mmoja. Karatasi ikikaa upande, CD haina mizani tena. Kwa kasi ya kusikiliza haionekani, kwa kasi ya juu meza nzima huhisi. Anakumbuka chai ikicheza ndani ya glasi. Alichofanya ni kuihamisha glasi.

Ya tatu ni ile ya CD namba 17, nami bado inaniuma. CD nyingine zilikuwa zikimalizika kwa dakika nne hivi. Hii ilifika dakika ya tisa na bado iko kwenye wimbo wa mwisho, kile kimstari cha maendeleo kikisogea kidogo na kusita. Foleni ya CD ilikuwa ndefu mezani. Kijana akasitisha, akafungua mipangilio ya programu, akakuta kisanduku kilichowekwa alama ya kurekebisha makosa wakati wa kusoma, ambacho hakumbuki kukiwasha. Akakiondolea alama. Akaanza tena. Mara hii namba 17 ikaisha kwa dakika nne kama wenzake, naye akaona ametatua tatizo. Kuanzia hapo CD zote zilisomwa bila kile kisanduku. Tazama jinsi jambo lilivyogeuka: kompyuta ilikuwa ikifanya kazi kwa bidii pale ilipohitajika bidii, nasi tukaichukulia bidii ile kuwa hitilafu.

Ya nne ingetosha peke yake kusimamisha shughuli yote. Kwa bahati mbaya aliirudia CD namba 30 mara mbili, akapata nakala mbili za nyimbo zile zile. Akasikiliza zote kidogo ili aamue ya kufuta. Katika moja, ala ya kanuni inapoanza kujibizana na fidla, kulikuwa na mgoto mkavu, *tik*, kama kucha juu ya bati. Katika nyingine haukuwapo. Akabakisha iliyo safi, akafuta yenye mgoto, akaendelea na namba 31. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini CD moja, draivu moja, kompyuta moja, usiku mmoja, zikitoa nakala mbili zisizofanana, maana yake ni kwamba kila nakala iliyotengenezwa kwa njia ile haina uthibitisho, hata zile zinazosikika safi.

Na ya tano ilitoka kwa mtu asiyejua lolote la kompyuta. Binti mkubwa wa marehemu alikuwa jikoni, mlango wazi, kijana akijaribu wimbo mmoja. Akauliza, "Mbona baba hapo kakatika?" Akajibiwa kwamba ndivyo ilivyorekodiwa, mazoezi yale, watu wanazungumza. Jibu hilo lilikuwa na busara yake, kwa sababu rekodi za barazani zina kelele nyingi. Lakini kelele za barazani zina tabia yake: kuku, pikipiki, mlango. Ukimya usio na hata mvumo wa hewa hautoki barazani. Ule hutoka kwenye mashine.

Arobaini ikapita vizuri. Flashi ziligawiwa, watu wakalia na kushukuru. Kwa kuwa mimi, niliyekuwa nikichukuliwa kuwa mjuzi, nilisema CD hazina kazi tena, kila mtu akachukua zake kwa kumbukumbu. Binti wa marehemu anayeishi Muscat alibeba tisa. Tisa nyingine zilisambaa kwa jamaa. Thelathini na moja zilibaki ndani ya kopo la biskuti kabatini. Na kumi na nne zilipelekwa shambani upande wa Mombo, zikafungwa kwa uzi juu ya mpunga ili zimeremete na kuwafukuza ndege.

CD za kuchoma hazina mashimo yaliyogandamizwa kama za kiwandani. Zina rangi nyembamba iliyounguzwa kwa leza, na adui mkubwa wa rangi ile ni jua. Sihitaji kueleza zaidi.

Yaliyotokea tuliyajua baada ya karibu miaka mitatu. Mama, mjane wa marehemu, alikuwa na redio ndogo ya kuchomeka flashi, akiiwasha kila jioni baada ya kuswali. Alikuwa akisikia sauti ikikatika mahali fulani fulani, akadhani redio imechoka. Akanunua nyingine. Ikakatika pale pale. Siku moja nilipopita kumjulia hali aliniambia kwa upole wake, "Mzee ananikatikia." Nikaomba flashi, nikaenda nayo nyumbani, nikavaa spika za masikioni na kwa mara ya kwanza nikasikiliza CD moja yote, dakika 61, kutoka mwanzo hadi mwisho. Wimbo wa kwanza hadi wa tano haukuwa na kasoro niliyoweza kuisikia. Wa sita ulikuwa na migoto miwili. Wa mwisho ulikuwa na migoto kumi na mmoja, na mara tatu sauti ilizima kabisa. Niliogopa kufungua ya pili.

Basi tukaanza upya, mimi na yule kijana, na safari hii tulijifunza kwanza.

Tulichojifunza si kwamba kila CD inakiliwe polepole. Naomba nieleweke hapa, kwa sababu niliwahi kumwambia rafiki kisa hiki akaenda kutumia dakika arobaini kwa kila CD ya dukani aliyokuwa nayo, mpaka akachoka na kuacha kazi katikati. Huo nao ni upotevu. CD zilizobaki ndani ya kopo kwa sababu mtu amechoka zinaendelea kuzeeka.

Kitu cha kuuliza kabla ya kuchagua kasi ni hiki: je, CD hii ina shahidi?

Chukua CD ya kiwandani, kwa mfano moja ya mfululizo wa Zanzibara ambao Buda Musique ya Ufaransa ilianza kuutoa mwaka 2005. Nakala zake zote zimegandamizwa kwa umbo moja, na wenye nazo wako kila upande wa dunia. Upo mfumo uitwao AccurateRip unaotumiwa na programu kama Exact Audio Copy na dBpoweramp. Ukimaliza kunakili, programu hupiga hesabu juu ya sauti yote ya wimbo na kupata namba moja ya uhakiki. Hata baiti moja ikibadilika, namba hubadilika. Kisha huilinganisha kupitia intaneti na namba walizopata watu wengine wenye CD ile ile, kwa draivu zao wenyewe. Zikilingana, umemaliza, hata kama ulinakili kwa dakika tatu. Haiwezekani mkwaruzo wa CD yako Tanga ukafanana na mkwaruzo wa mtu wa Oslo. Hapo kasi haina dhambi. Nenda mbio, linganisha, na zile chache zisizolingana ndizo uzirudie taratibu.

Lakini mazoezi ya barazani kwa mzee hayana wenzao duniani. Harusi ya shangazi yako haina. Hakuna mtu wa Oslo wa kulinganisha naye. Shahidi inabidi umtengeneze mwenyewe, na hilo ndilo linalokula muda. Nasi tulikuwa tumefanya kinyume: CD za dukani huwa tunazishika kwa uangalifu kwa kuwa zina majalada mazuri, na hizi za kuandikwa kwa kalamu tukazipitisha kama mihogo sokoni.

Kumtengeneza shahidi ni kusoma CD zaidi ya mara moja na kulinganisha. Exact Audio Copy, iliyoandikwa na Mjerumani Andre Wiethoff, katika hali yake ya usalama husoma kila kipande angalau mara mbili. Visipolingana hurudia kwa mafungu ya kumi na sita, hadi mara 82 kwa sehemu moja, na ikishindwa inakuandikia kwenye taarifa yake kwamba mahali hapa, dakika hii na sekunde hii, nina shaka. Kwa wanaotumia Linux ipo cdparanoia ya Chris Montgomery, yenye moyo ule ule. Taarifa ile ya shaka ndiyo iliyonigusa kuliko yote. Miaka mitatu nyuma tulikuwa tumechagua programu isiyotuambia kitu, tukauita ukimya wake mafanikio.

Kuna mtego mmoja ndani yake. Draivu nyingi hukumbuka kwa muda mfupi zilichosoma punde, na ukiuliza tena hukujibu kutoka kwenye kumbukumbu ile bila kuitazama CD. Hapo utakuwa umemhoji shahidi mmoja mara mbili naye amekariri. Kwa sababu hiyo sisi tulikuwa tukisoma wimbo mzima hadi mwisho kwa majaribio, kisha tukausoma tena mzima kwa kunakili, halafu tukalinganisha namba mbili za uhakiki. Kwa CD zilizotutia wasiwasi tulirudia kwa draivu nyingine ya kampuni tofauti, kwa kuwa draivu moja inaweza kukisia kosa lile lile mara mbili. Kuna watu pia watakusumbua kuhusu draivu kuanza kusoma mbele au nyuma kwa sampuli chache, labda 6, labda 30. Sekunde moja ina sampuli 44,100. Programu ya kulinganisha inalihitaji jambo hilo, sikio halilihitaji. Usikose usingizi.

Kasi tuliipunguza, ila si hadi mwisho. Tulianzia 8. Palipogoma tulishuka hadi 4. Zile zenye karatasi iliyoachia gundi hatukuzibandua, kwa sababu upande wa maandishi ndio ulio karibu zaidi na tabaka linalobeba sauti, na kubandua karatasi kunaweza kung'oa tabaka lenyewe. Upande wa chini una plastiki ya zaidi ya milimita moja ya kuukinga. Tulizisafisha kwa maji safi na kitambaa laini, tukipangusa kutoka kitovuni kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata duara huharibu sauti nyingi mfululizo, na unaokatiza hurekebishika kwa urahisi. Faili tulizihifadhi kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kutupa chochote, katika diski mbili zinazokaa nyumba mbili. MP3 za kugawa tulizitengeneza kutoka hizo.

CD moja ilichukua kama dakika ishirini ikiwa nzima. Ukipiga hesabu, 63 zingechukua saa 21, dhidi ya zile saa nne na kidogo za mwanzo. Tofauti ni saa 17. Na hizo si saa za mtu kukaa mbele ya kioo. Unaweka CD, unakwenda kuswali, unarudi, unabadilisha. Kwa CD tano kwa siku tungemaliza ndani ya wiki mbili. Tungeisogeza tu siku ya kugawa flashi, au siku ya arobaini tungegawa kumi za kwanza. Hakuna mtu kwenye msiba ule ambaye angekataa. Hatukumuuliza hata mmoja.

Kati ya 31 za kopo la biskuti, 24 zililingana mara ya kwanza. Tano zilitaka kurudiwa sana, moja ilituchukua usiku mzima. Binti alipokuja kutoka Muscat alizileta zake tisa kwenye mkoba wa mkononi, zimefungwa kwa kanga, na zote zilitoka salama. Za jamaa tumepata nne hadi sasa. Za shambani tulizikusanya zote kumi na nne. Uso wake umekuwa mweupe kama maji ya mchele, na draivu haitambui kama kuna kitu kimewekwa ndani.

Kwa hiyo ukinakili leo, nakuomba: usiiachie CD mpaka namba mbili zimelingana. Na hata zikilingana, irudishe kwenye kasha lake, mahali pa giza na pakavu. Haili chakula.

Mbili za mwisho za kopo zina mapengo. Moja yake ni namba 17. Wimbo wake wa mwisho huanza kwa sauti ya mzee, fidla ikiwa bado inapangwa nyuzi, akiwaambia wenzake, "Huu nilifundishwa na…" kisha kimya cha sekunde moja na nusu, kisha, "…Mungu amrehemu, twende." Jina halimo. Halimo kwenye flashi, na miaka ile mitatu ya kabatini haikuisaidia CD. Mama anadhani anajua ni nani, lakini alipokuwa akitaja majina alitaja mawili. Waliokuwa barazani usiku ule hawako tena.

Nikimsikiliza kijana akisimulia jinsi draivu ilivyokuwa ikihangaika kwenye wimbo ule kwa dakika tisa kabla hajaisitisha, huwa nanyamaza. Jumamosi tunajaribu na draivu ya tatu, ya zamani, tuliyoazimwa na fundi mmoja wa barabara ya kumi na mbili. Tutaanzia kasi ya 4.